Pikipiki ya Umeme Lwakhakha: Uchukue Mkopo au Ukodi?

Mwendesha boda wa Lwakhakha, mpakani na Uganda, hana siku kama ya mwenzake wa Nairobi. Asubuhi anampeleka mwalimu Sirisia, mchana anabeba gunia la vitunguu kutoka ng'ambo, jioni anapanda kuelekea Cheptais na abiria, na safari ya ghafla ya hospitali ya Bungoma ikitokea haikatai. Kutoka daraja la mto Lwakhakha hadi mjini Bungoma ni zaidi ya kilomita 35. Kitale ni zaidi ya 70. Muuzaji wa pikipiki za umeme akifika steji na karatasi mbili mkononi, moja ya mkopo na nyingine ya kukodi, umbali huo usomwe kwanza, karatasi baadaye.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuachana na petroli. Ni wako pia wewe mwenye duka, mwalimu au mweka hazina wa chama unayefikiria kununua pikipiki mbili tatu uwakabidhi vijana waendeshe. Swali la kukopa au kukodi lina jibu, lakini linakuja la pili. La kwanza ni hili: chaji itatoka wapi, na betri ikichoka itakuwa hasara ya nani?

Kwa nini betri iamuliwe kwanza

Injini ya petroli ikisumbua, fundi wa Chwele huifungua, akabadilisha ringi, ukarudi barabarani siku hiyo hiyo. Betri ya lithiamu haifunguliwi hivyo. Ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko nyingine zote kwenye pikipiki, na kila inapochajiwa inapoteza nguvu kidogo. Iliyokupeleka kilomita 75 ikiwa mpya itakupeleka chache zaidi kila mwaka, na mlima na mzigo huharakisha mambo.

Kampuni zinalijua hilo, na kila moja imejipanga kwa njia yake. Ampersand, iliyoanzia Kigali kabla ya kuingia Nairobi, humwachia mwendesha boda pikipiki na kubaki na betri: unafika kituoni, unatoa iliyoisha, unapewa iliyojaa, unalipa, unaondoka. Spiro, iliyokuja Kenya mwaka 2023 baada ya kufanya kazi Benin na Togo, hufuata njia hiyo hiyo. Roam ya Nairobi ilitengeneza Roam Air, ambayo betri yake hutoka na unaweza kuichaji kwenye soketi ya nyumbani. Hata kwenye mabasi mambo yalikwenda hivyo. BasiGo ilipoanza kuuza mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, basi la viti 25 lilitolewa kwa KSh milioni 5, kisha mwenye basi akawa analipa KSh 20 kwa kila kilomita kugharamia betri, chaji na matengenezo. Betri ilitengwa na basi ili bei ya kuanzia ishuke ikaribie ya basi la dizeli.

Kwa hiyo mezani utakuta njia tatu, hata kama kila kampuni ina jina lake la kuziita:

- Mkopo wa kila kitu. Unalipa mdogo mdogo, na mwisho pikipiki na betri ni vyako. Chaji ni juu yako.
- Pikipiki yako, betri yao. Mkopo ni wa pikipiki tu. Betri unaibadilisha kituoni na kulipia kila mara, maisha yote ya pikipiki.
- Kukodi vyote. Unalipa kwa siku au wiki, na mkataba ukiisha unarudisha. Waendesha boda wengi wanaijua hii tangu zamani: ni ile ya kuendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu yake kila jioni, tofauti ni kwamba mwenye pikipiki sasa ni kampuni.

Hesabu ya siku moja

Chukua siku ya kilomita 100. Bei zilizo hapa ni za mfano. Zitoe, weka zile ulizopewa wewe.

Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 45 kwa lita, lita ikiwa KSh 185, itakula karibu KSh 410. Ya umeme, ukichajia nyumbani, itataka kama yuniti 5. Yuniti ikikufikia kwa KSh 28 baada ya kodi na tozo, hiyo ni KSh 140. Ukibadilisha betri kituoni mara mbili kwa KSh 180, ni KSh 360. Sasa ongeza malipo ya kila siku kwa miaka miwili:

- Mkopo wa kila kitu: malipo 480 + chaji 140 = KSh 620
- Pikipiki yako, betri yao: malipo 380 + kubadilisha betri 360 = KSh 740
- Kukodi vyote: kodi 400 + kubadilisha betri 360 = KSh 760

Mkopo ukiisha, anayemiliki kila kitu anabaki na KSh 140 za chaji. Hapo wengi hushangilia mapema. Betri mpya ikigharimu KSh 90,000 na ikidumu miaka 3 ya kazi ngumu, lazima uweke akiba ya karibu KSh 80 kila siku, kuanzia siku ya kwanza ukiweza. Gharama halisi baada ya mkopo ni KSh 220. Anayetumia betri ya kampuni anabaki na 360, na anayekodi vyote anaendelea na 760 zake.

Mkopo wa kila kitu basi unaonekana kushinda. Kwa mtu mwenye stima ya kuaminika nyumbani, unashinda kweli. Lakini tazama kinachotokea umeme ukikatika usiku kucha na betri ikakutwa tupu asubuhi. Malipo ya 480 hayasubiri, na mapato ya siku ni sifuri. Mwendesha boda anayeingiza KSh 1,000 kwa siku huokoa KSh 120 kila siku kwa kuchajia nyumbani badala ya kubadilisha kituoni. Kwa siku 26 za kazi ni KSh 3,120. Siku tatu za giza zikimlaza nyumbani, faida hiyo yote karibu imekwisha. Siku nne, ameingia hasara.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza riba, chukua kalenda ya ukutani utie alama kila usiku ambao stima imepotea kwako, mwezi mzima. Alama mbili zinavumilika. Zikizidi nne, mkopo wa betri ya kuchajia nyumbani haukufai mpaka upate pa kuchajia pengine.

Na kituo cha kubadilisha betri? Kikiwa Bungoma mjini tu, kwenda na kurudi Lwakhakha ni zaidi ya kilomita 70, yaani betri nzima umeimaliza kwa kufuata betri. Njia ya pili ina maana ikiwa kituo kiko ndani ya kilomita 10 hivi za steji yako, au kwenye barabara unayoipita kila siku na abiria. Ahadi ya "kituo kinakuja karibuni" usiitie kwenye hesabu. Kije kwanza.

Hatua za kufuata kabla ya kuweka sahihi

1. Pima kilomita zako kwa wiki nzima, siku ya soko ikiwemo. Andika namba ya mita asubuhi na jioni. Wengi hukisia pungufu.

2. Nenda kituoni mwenyewe, asubuhi mapema na tena saa kumi na moja jioni. Hesabu wanaosubiri, tazama betri zilizojaa ni ngapi, na waulize waendesha boda waliopo siku ya mwisho kukosa betri ilikuwa lini.

3. Jaribu pikipiki kwa mlima na mzigo. Usikubali kuzungushwa kwenye lami tu. Ibebe mtu na gunia, panda kuelekea Cheptais, tazama asilimia ya chaji ukianza na ukifika. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya matangazo kwa kawaida hupimwa kwenye tambarare na mtu mmoja.

4. Uliza bei mbili kwa pamoja: ya taslimu, na jumla ya kila shilingi utakayolipa mpaka mwisho. Kwenye mfano wetu, KSh 480 kwa siku 730 ni 350,400. Ukiongeza malipo ya awali ya 20,000 ni 370,400. Kama bei ya taslimu ni 250,000, mkopo umekugharimu 120,400. Muuzaji asiyetaka kukuandikia jumla hiyo, muage.

5. Pita SACCO kabla ya kurudi kwa muuzaji. Mkopo wa 230,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 24, hutoza riba ya karibu KSh 30,000. Weka hizo kando ya 120,400. Ugumu ni kwamba SACCO nyingi hukopesha mara tatu ya akiba yako na hutaka wadhamini, kwa hiyo utahitaji kama KSh 77,000 za akiba. Kama una miezi kumi ya kuvumilia na petroli, hapo ndipo pa kuitumia.

6. Piga hesabu ya mwezi mbaya. Mvua ya Aprili, matope, abiria wachache, Januari ya karo. Kama malipo ya siku yanazidi theluthi moja ya mapato ya siku katika mwezi huo, punguza ukubwa wa mkopo au kodi kwanza.

7. Peleka mkataba nyumbani ulale nao. Msomee mtu mwingine kwa sauti, kila ukurasa.

*ONYO KUHUSU KUCHAJI NYUMBANI. Tumia soketi yenye waya wa ardhi (earth), iliyofungwa na fundi wa stima. Usitumie waya mwembamba wa kuunganisha, usichaji karibu na jiko la mkaa au kitandani, wala usifunike betri kwa nguo. Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyonyeshewa ndani isichajiwe tena. Irudishe kwa muuzaji.*

Kuna njia moja ya kuchaji ambayo vyama vya boda havijaitumia vya kutosha. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: KSh 16 kwa yuniti saa za kawaida na KSh 8 saa zenye matumizi machache, kabla ya tozo na kodi. Bei hiyo hutaka mita ya peke yake, jambo lisilomlipa mtu mmoja mwenye pikipiki moja. Chama cha watu kumi wenye kibanda karibu na steji kinaweza kulipeleka ombi hilo Kenya Power na kuchaji betri zao usiku kwa bei ambayo hakuna anayeipata chumbani kwake. Mlinzi mtamhitaji, maana betri zinaibwa.

Mpaka

Hapa ndipo karatasi iliyoandikiwa Nairobi inapomkosea mtu wa Lwakhakha. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Namisindwa, na kwa wengi kuvuka ni sehemu ya kazi ya kila siku: shemeji yuko kule, soko liko kule, lugha zinafanana. Kwa anayekukopesha au kukukodisha, kuvuka huko ni mali yake kutoka nchini.

Pikipiki nyingi za mkopo na za kukodi hufungwa kifaa cha kufuatilia, na nyingi zinaweza kuzimwa kutoka mbali. Uliza waziwazi, na ujibiwe kwa maandishi: je, naruhusiwa kuvuka? Nikivuka, itazimwa? Kifaa kikionyesha niko Uganda kwa saa mbili, itahesabiwa kuwa nimekimbia nayo? Betri ya kampuni ina swali lake pia, kwa sababu pikipiki inaweza kuwa yako na betri ikawa bado ya watu. Kama huruhusiwi kuvuka na nusu ya abiria wako wanavuka, mkataba huo si wako, hata uwe wa bei nafuu namna gani.

Bima nayo ina mipaka yake. Bima ya kawaida ya Kenya haikulindi ukimgonga mtu Uganda. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, inayotolewa na kampuni ya bima juu ya bima uliyo nayo. Pamoja nayo, uliza ofisi ya forodha pale mpakani utaratibu wa kuingiza chombo kwa muda.

Halafu kuna sarafu. Abiria wengine hulipa kwa shilingi za Uganda, lakini deni lako linadai shilingi za Kenya kupitia M-Pesa kila siku. Weka akilini kiasi unachopoteza kwa kubadilisha, kisha kiondoe kwenye mapato kabla ya kusema unaweza kulipa.

Ndani ya mkataba

Pitia maswali haya na kalamu mkononi. Lisilo na jibu liandikiwe jibu kabla ya sahihi.

☐ Nisipolipa siku moja, pikipiki inazimwa baada ya saa ngapi? Inaweza kuzimwa nikiwa barabarani na abiria?
☐ Jumapili na siku za ugonjwa zinalipiwa?
☐ Betri ina dhamana ya miaka mingapi, na ikishuka chini ya asilimia ngapi inabadilishwa bure?
☐ Fundi wao wa karibu yuko wapi? Ikiwa gereji kwa wiki moja, malipo yanasimama?
☐ Ikiibwa au betri ikiibwa, nani analipa?
☐ Nikimaliza mapema napunguziwa?
☐ Kampuni ikifunga biashara, betri nitaitoa wapi?

Swali hilo la mwisho si la waoga peke yao. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, wala haichajiwi na chaja yake. Kampuni ikiondoka magharibi mwa Kenya, aliyenunua pikipiki bila betri anabaki na fremu na magurudumu mawili.

Kuhusu sheria, yapo mambo mawili ya kushika. Chini ya sheria ya ununuzi wa lipa polepole, Sura ya 507, ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kuichukua tena bila kupitia mahakamani. Lakini mikataba mingi ya siku hizi huandikwa kama mkopo wenye dhamana chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, na huko kanuni ni nyingine. Uliza mkataba wako umeandikwa chini ya sheria ipi. La pili, Desemba 2024 sheria ilibadilishwa na kuipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka mapana zaidi juu ya wakopeshaji wasiopokea amana. Uliza leseni ya anayekukopesha, na malalamiko yako yaandike kwa tarehe.

Makosa yanayowagharimu watu

Kuangalia malipo ya siku peke yake ndilo kosa kubwa kuliko yote. KSh 350 kwa siku inasikika ndogo kuliko 480, lakini ukilipa 350 kwa miezi 36 umetoa zaidi ya KSh 380,000.

Wengine humpa mdogo wao au jirani jina na kitambulisho ili achukue mkopo. Akishindwa, anayeandikwa CRB, kwenye kumbukumbu za wakopaji, ni wewe.

Wapo wanaouza ile ya petroli siku ile ile mpya inapofika. Ibakize miezi miwili, mpaka ujue ya umeme inaishije mlimani na usiku wa giza. Na wapo wanaokodi miaka miwili mfululizo kwa kuogopa mkopo. Kukodi kunafaa sana kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ili uijue pikipiki, uijue kampuni, upime vituo. Baada ya hapo unalipa kodi ya kitu ambacho ungekuwa njiani kukimiliki.

Kama unataka gari

Anayefikiria gari la umeme la familia au la teksi ya Bungoma–Lwakhakha atakutana zaidi na Nissan Leaf zilizotumika, zinazoletwa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kabla ya kuzungumza na benki, washa gari utazame upande wa kulia wa kipimo cha chaji: gari jipya lina vijistari 12 vya afya ya betri, na cha kwanza kupotea kina maana kwamba karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Leaf hizo zilizotumika hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo joto na chaji za kasi za mara kwa mara huizeesha betri. Usikope kwa miaka minne kununua betri yenye miaka miwili ya kazi.

Kukodi gari kwa miaka kadhaa bado ni biashara ya taasisi. Serikali ya Kenya imekodi magari ya polisi kwa mtindo huo tangu 2013. Shule, kiwanda au kampuni yenye magari kadhaa inaweza kupata bei ya maana. Mtu mmoja wa Lwakhakha atapata nafuu zaidi kwa SACCO na gari lililokaguliwa vizuri.

Siku ya malipo ya mwisho

Usisherehekee kwa ujumbe wa simu tu. Fuata haya wiki hiyo hiyo:

1. Dai barua yenye muhuri inayosema deni limekwisha, pamoja na orodha ya malipo yote.
2. Hakikisha kampuni imeondoa jina lake kwenye hati ya umiliki kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, kwenye eCitizen, na imefuta dhamana iliyoisajili juu ya pikipiki.
3. Kizimio cha mbali kiondolewe au kifungwe mbele yako, kisha endesha siku nzima uone.
4. Baada ya mwezi, chukua ripoti yako ya CRB uthibitishe imesomeka kuwa umelipa.

Anayerudisha ya kukodi apige picha za pande zote nne, namba ya kilomita na asilimia ya betri, palepale ofisini. Afisa aweke sahihi kwenye karatasi ya kupokea, na malipo ya awali, kama aliyaweka, yarudishwe kwa M-Pesa kabla hajatoka mlangoni.